Barua ya wazi kwa wakubwa wa maji: silanga ni la mtu mmoja, mafuriko ni yetu sote

Kwa Waziri wa Maji, kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa Gavana na MCA wote wa Kaunti ya Nakuru, na kwa kila mwenye shamba aliye na silanga ndani ya ardhi yake.

Salamu kwenu wakubwa.

Nitasema neno langu mapema ndio msichoke kusoma. Sisi tunaoishi chini ya masilanga ya watu binafsi, yaani haya mabwawa ya udongo ya kukusanya maji, hatutaki yabomolewe. Tunataka yakaguliwe, na zaidi ya kukaguliwa tunataka wakati wa masika yasijazwe pomoni, yaachwe na nafasi, kwa sheria, kwa alama ambayo hata mtoto anaiona, na kama kuacha hiyo nafasi kunamtia mwenye silanga hasara basi serikali imfidie kidogo juu hapo anafanya kazi ya umma. Hiyo ndiyo barua yote. Lakini najua nikiachia hapo mtasema ni maneno ya mtu wa kijijini mwenye uoga wa mvua, kwa hivyo wacha nieleze.

Naishi na jamii yangu chini ya silanga la udongo ambalo liko ndani ya shamba la mtu. Jina la shamba sitaji na la mwenyewe sitaji, kwanza ni mtu tunasalimiana naye vizuri, na pili hii shida si yake peke yake, ukitembea kutoka Bahati mpaka Subukia, Solai, uende Rongai na Njoro utakuta masilanga kila mahali, mengine ya wazungu walowezi wa zamani, mengine ya juzi juzi tu tangu watu waanze kulima maua na parachichi. Letu mwenyewe alilijenga kwa pesa yake, tingatinga ya kukodi na dizeli yake, na lazima niseme ukweli limetusaidia. Kabla ya hilo silanga korongo lilikuwa likishuka na maji mekundu kila Aprili, linakula barabara, linaingia kwa mahindi ambayo yamefika magotini, linabeba udongo wa juu wote mpaka unabaki na mawe, na watoto wanakosa kuvuka kwenda shule. Baada ya silanga maji yanatulia pale juu kwanza, yanateremka polepole. Ndio maana nikisikia mtu akisema dawa ni kutoboa masilanga yote nashindwa kumuelewa. Ukitoboa silanga korongo linarudi kama zamani, na saa hii kuna nyumba nyingi kuliko zile za zamani.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba silanga linazuia mafuriko kwa ile nafasi yake TUPU. Si kwa maji yake. Maji yaliyo ndani hayazuii chochote, ni mzigo tu unaosukuma ukuta. Hebu tupige hesabu kidogo, na injinia mwenye atasoma anikosoe. Tuseme eneo linaloteremsha maji kwa silanga ni kilomita tano za mraba, si kubwa, ni vilima viwili vitatu na mashamba yake. Mvua ya milimita 60 ikinyesha usiku mmoja, na milimita 60 huku kwetu Aprili si ajabu, hiyo ni mita za ujazo 300,000 zimeanguka. Udongo ukiwa tayari umelowa wiki kadhaa, nusu yake inaweza kuteremka, yaani 150,000, na kila mita ya ujazo ni lita elfu moja na uzito wa tani moja. Sasa silanga la ekari tano, ambazo ni kama mita za mraba 20,000, ukiliweka chini mita mbili kutoka usawa wa kujaa umepata nafasi ya karibu lita milioni 40. Haimezi yote, lakini inachukua ile kichwa ya mafuriko, ile ya kwanza yenye hasira, na inayobaki inapita kwa spilwei, ile njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi, kwa mpangilio. Silanga lilelile likiwa limejaa pomoni halichukui hata ndoo. Kila kinachoingia lazima kitoke saa hiyohiyo, na kama spilwei ni nyembamba ama imezibwa basi kinatoka juu ya ukuta. Na ukuta wa udongo haukuumbwa upitiwe na maji juu. Maji yakianza kuteremka mgongo wake wa nyuma yanachonga mfereji, mfereji unakuwa pengo, na likishakuwa pengo hakuna mtu wa kuliziba.

Mwenye shamba naye ana hesabu yake, na simlaumu. Yeye anataka maji ya kunyunyizia Januari na Februari jua likichoma. Kwa hivyo mvua ya kwanza ikianza Machi anafunga vali, anakusanya, na ikifika katikati ya Aprili silanga limejaa na yeye amefurahi. Wengine huongeza magunia ya mchanga ama mbao kwenye mdomo wa spilwei ndio maji yapande nusu mita zaidi. Hiyo nusu mita kwake ni wiki kadhaa za kunyunyizia. Kwetu sisi ndiyo ile nusu mita iliyokuwa imebaki kati ya maji na kichwa cha ukuta.

Ndio maana hatari haiji na mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza inakuta silanga lina nafasi na udongo una kiu. Hatari inakuja mwishoni mwa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati kila kitu kimeshiba. Bwawa la Patel kule Solai lilipasuka tarehe 9 Mei 2018, Jumatano usiku. Sitaki kuandika sana juu ya ule usiku kwa sababu kuna watu wa Nyakinyua na kijiji cha Energy ambao watasoma hii na wao hawahitaji mimi niwaeleze. Bwawa la Patel lilikuwa la udongo, la mtu binafsi, ndani ya shamba la kahawa, juu ya kilima, na chini yake kulikuwa na nyumba za watu wa kawaida, wengi vibarua na wakulima wadogo, ambao walikuwa wameshakula ama wanaandaa kulala. Watu 48 walikufa, watoto wengi wakiwa ndani ya hiyo hesabu. Baada ya hapo ndio tukaambiwa kwamba mabwawa ya pale hayakuwa na vibali. Baada ya hapo! Mabwawa yanaonekana hata ukiwa barabarani, yamekaa miaka na miaka, na swali la kibali linaulizwa watu wakiwa mochari.

Na kesi mnajua venye ilienda. Watu tisa walishtakiwa 2018, wakiwemo maofisa wa umma, Februari 2020 mahakama ya Naivasha ikawaachilia kwa sababu upande wa mashtaka haukuwa unaendelea na kesi, DPP, yule mkurugenzi wa mashtaka ya umma, akakata rufaa na Mahakama Kuu ikasema kesi irudi. Mimi si hakimu na sisemi nani ana hatia. Ninachosema ni hiki: familia iliyozika watoto mwaka wa 2018 ilikuwa bado inasikia habari za kuanza upya kwa kesi miaka miwili baadaye, kwa hivyo msituambie kwamba tukipatwa na jambo sheria itatushughulikia. Sisi tunataka sheria itushughulikie tukiwa hai.

Na hapa niseme jambo kuhusu hiyo sheria. Zile kanuni za maji za 2007 ziligawa mabwawa kwa madaraja matatu, A ni hatari ndogo, B ya katikati, C kubwa. Na zilipima kwa nini? Kwa kina cha maji, wingi wa maji na ukubwa wa eneo linaloleta maji. Kina kisichofika mita tano na maji yasiyofika mita za ujazo 100,000, hilo ni A, hatari ndogo. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, zimekuja mpya 2021, lakini hayo mawazo ya kupima silanga kwa ukubwa wake bado ndiyo nayasikia kila nikiongea na mtu wa maji. "Hako ni kadogo." Kadogo kwa nani? Mita za ujazo 80,000 ni tani 80,000 za maji zimekaa juu ya kilima. Kama chini yake kuna malisho ya mbuzi, sawa, hatari ni ndogo. Kama chini yake mita mia nne kuna nasari ya watoto na mabanda ya wafanyikazi, hiyo si hatari ndogo hata ukuta ukiwa na mita tatu. Silanga lipimwe kwa nani analala chini yake. Na hao watu huwa wanaongezeka, silanga linaweza kuwa lilijengwa juu ya malisho matupu miaka ya 50 na leo chini yake kuna senta nzima na kanisa na posho mill, ukuta ni uleule ila hatari si ileile. Nani huenda kuangalia tena?

Tena kuna haya masilanga ya walowezi ambayo mimi naona ndiyo yatatumaliza. Wazungu walijenga, uhuru ukaja, makampuni ya kununua mashamba yakachukua miaka ya 60 na 70, mashamba yakagawanywa ploti ploti, na silanga nalo likagawanywa bila mtu kufikiria. Leo ukuta uko kwa shamba la mama fulani, maji yako kwa shamba la kanisa, na spilwei iko kwa ploti ya kijana ambaye alinunua juzi na amepanda mahindi ndani yake, na hana makosa juu hakuna mtu alimwambia hicho kibonde ni njia ya maji, kwenye ramani ya ploti ni ardhi tu kama ingine. Ukiuliza silanga ni la nani kila mtu anaonyesha mwingine. Hilo haliwezi kupata kibali milele kwa sababu hakuna mtu wa kuomba kibali. Haya serikali lazima iyabebe, msitafute mwenyewe, mwenyewe hayuko.

Niongee sasa juu ya ukuta wenyewe, juu hapa ndipo watu wa ofisini na sisi tunaachana. Sisi ndio tunauona kila siku. Tunajua pale ng'ombe wanavuka wameukanyaga mpaka kichwa kimeingia chini kama futi moja, na maji siku yakipanda yatapita hapo kwanza. Tunajua fuko wamechimba wapi. Tunajua mikaratusi imeota upande wa nyuma na watu wanaipenda kwa kuni, lakini mti kwa ukuta wa udongo ni adui, mizizi inatafuta maji inapenya, na mti ukikatwa ama ukifa mizizi inaoza inaacha tundu refu kutoka nyuma kwenda mbele. Ukuta unataka nyasi tu, hizi nyasi zetu za kikuyu zinazoshika ardhi, na zikatwe fupi ndio uone kama kuna nyufa. Tunajua pia pale chini kwa mguu wa ukuta ambapo hakukauki hata Februari, kumeota mafunjo. Maji kidogo yakipita kwa ukuta wa udongo si ajabu, udongo haukuwa saruji. Kinachoogopesha ni rangi. Yakitoka meupe yametulia, unaweka alama na kuangalia yasiongezeke. Yakitoka na udongo, hata kidogo kama ya kuosha viazi, ukuta unaliwa kwa ndani, na hapo si mambo ya kuandika barua, ni kutoa watu na kufungua maji yashuke. Mama yeyote anayeteka maji pale anaweza kuangalia hiyo rangi kila asubuhi. Hakuna mtu amewahi kumwambia aangalie nini na ampigie nani.

Vali nayo. Ama paipu ya chini, ile inayopita chini ya ukuta ya kutolea maji. Masilanga mengi huku hayana. Mengine yanayo lakini imeshika kutu, gurudumu halizunguki, ama imefunikwa na matope ya miaka mingi. Silanga bila paipu ya chini huwezi kulishusha hata ukitaka, unangoja jua ama unaleta pampu, na pampu mbele ya mvua ya Mei ni bure. Si mambo mapya haya. Kule Marekani, Johnstown, 1889, kulikuwa na bwawa la udongo la klabu ya matajiri wa kuvua samaki. Mwenye kulimiliki mbele yao alikuwa ameng'oa mapaipu ya chuma ya kutolea maji akauza kama chuma chakavu, na klabu ikaziba bila kurudisha mengine, ikashusha kichwa cha ukuta ndio magari ya farasi yapite, ikaweka wavu kwenye spilwei samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei mvua kubwa ikaja, wavu ukashika takataka, hakukuwa na paipu ya kufungua, maji yakapita juu ya ukuta. Watu 2,209. Kila kosa la pale naweza kuwaonyesha lilelile hapa Nakuru kwa silanga dogo zaidi, hata wavu wa samaki upo.

Lakini hukohuko Marekani walikuja wakajifunza. Kuanzia Oklahoma mwaka wa 1948 walianza kujenga mabwawa madogo ya udongo kwenye vijito vya juu kwa ajili ya mafuriko, mengi yako ndani ya mashamba ya watu binafsi, leo yanafika karibu 12,000 nchi nzima. Ujanja wake ni rahisi: ndani ya bwawa kuna mnara wenye paipu ambao mdomo wake uko WAZI siku zote, hauna vali ya kufunga. Maji yakipita huo mdomo yanatoka yenyewe, polepole, mchana na usiku, mwenye shamba awe amelala ama amesafiri. Chini ya mdomo kunabaki maji ya ng'ombe na ya kunyunyizia, juu ya mdomo ni nafasi ya mafuriko na haiguswi. Na spilwei ya dharura imechongwa pembeni kwenye ardhi ya asili, pana, ina nyasi. Hakuna siri hapo, hakuna kompyuta. Injinia yeyote wa kaunti anaweza kuchora hiyo kitu, na mafundi wa kuchomelea mapaipu tunao hapa kwa senta.

Sasa ndio nifike kwa kile tunaomba, na naomba msome kwa makini hapa.

Masilanga yote ya watu binafsi yaandikwe kwenye orodha ya wazi, yenye kila mtu anaweza kuiona kwa ofisi ya chifu, jina la mahali, mwenyewe, urefu wa ukuta, kama ina paipu ya chini, mara ya mwisho imekaguliwa lini na nani, na vijiji gani viko chini. Msituambie haiwezekani. Mei 2024 baada ya ile asubuhi ya Mai Mahiu, wizara ya usalama ilitoa tangazo kwamba mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 yako hatarini kufurika na watu wahame ndani ya saa 24. Kumbe orodha inaweza kupatikana ikihitajika! Basi ipatikane Januari, tukiwa na wakati, si Mei tukiwa tumepewa siku moja ya kubeba magodoro kwenye mvua na hatujui tunaenda kulala wapi. Na Mai Mahiu yenyewe, pale watu zaidi ya 50 walikufa, mwanzoni kila mtu alisema ni bwawa limepasuka na baadaye ikasemekana ni maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli, kalveti ya kupitisha maji chini yake imeziba. Hiyo inanipa uoga zaidi. Ina maana hata kitu ambacho hakikujengwa kiwe silanga kinaweza kugeuka silanga usiku mmoja, na hakina spilwei kabisa. Kwa hivyo kwenye hiyo orodha muweke na matuta ya reli na ya barabara yenye kalveti ndogo.

Halafu alama. Kila silanga liwe na nguzo ndani ya maji iliyopakwa rangi, na mstari mmoja mwekundu: kuanzia tarehe moja Machi mpaka mwisho wa Mei maji yasikae juu ya huu mstari. Yakipanda kwa mvua, yashushwe kwa paipu mpaka yarudi. Mvua ikianza kupungua, mwisho wa Mei kuingia Juni, ndio mwenyewe afunge ajaze na mvua za mwisho. Najua kuna mwaka mvua itakata mapema na yeye atabaki na silanga nusu. Najua. Ndio maana nikasema mfidieni. Kaunti iweke kapesa kwa bajeti, si kubwa, kama ile inayotumika kukarabati barabara na madaraja kila baada ya masika, na mwenye silanga aliye na kibali, aliyekaguliwa, aliyeheshimu mstari, alipwe kwa ile nafasi anayotuwekea. Ama apunguziwe ada za maji. Ama serikali imwekee hiyo paipu ya mdomo wazi bure. Watu wengine wa kijiji hawatapenda nikisema tajiri alipwe, wamenikasirikia tayari, lakini mimi naona hivi: kumwambia mtu abebe hasara kwa faida yetu kila mwaka bila chochote ni kumfundisha kurudisha magunia ya mchanga usiku tukiwa tumelala. Tukimlipa tuna haki ya kwenda kuangalia mstari.

Na asiyeheshimu awajibike kikamilifu, bila kungoja watu wafe. Majaji wa Uingereza tangu 1868, kwa ile kesi ya Rylands na Fletcher ambayo ilikuwa juu ya bwawa la mtu lililomwaga maji kwa machimbo ya jirani, walishasema mtu akikusanya kwa ardhi yake kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, atajibu kikitoroka, hata kama yeye mwenyewe hakuzembea. Mahakama zetu hapa Kenya zinaitumia hiyo kanuni. Lakini hiyo ni ya kulipwa baada ya kuharibikiwa. Sisi tunataka faini ya kuziba spilwei, itozwe wakati spilwei imezibwa na jua linawaka.

Mkaguzi akija, tafadhali asiishie kwa ofisi ya shamba kunywa chai na kupewa karatasi. Apite kijijini. Chama cha watumiaji maji kipo, nyumba kumi ipo, chifu yuko. Atembee mguu wa ukuta na watu wawili wa kutoka chini, awaonyeshe akionacho, na ripoti iachwe nakala kwa chifu. Tulishawahi kuambiwa na ofisi moja kwamba ripoti ya silanga ni siri ya mwenye mali. Mali ni yake, ukuta ni wake, samaki ni wake. Lakini hali ya ukuta ni habari yetu kama vile habari ya ugonjwa wa mlipuko ilivyo ya kila mtu.

Jambo la mwisho ni usiku. Mvua kubwa za huku zinanyesha jioni na usiku, na Solai ilikuwa usiku. Kila silanga lenye watu chini liwe na mtu wa zamu ya usiku wakati wa masika, anayelipwa, mwenye tochi na simu yenye kredo, na kuwe na ving'ora ama hata kengele ya kanisa kwa makubaliano, kwamba ikilia hivi si ibada wala si msiba. Watu wafundishwe kukimbia kupanda, kwenda pembeni ya korongo, si kufuata barabara kuteremka, kwa sababu maji yatakushinda. Watoto wafundishwe shuleni. WhatsApp ya kijiji si king'ora, saa nne usiku simu nyingi zimezimwa ama hazina chaji.

Nyinyi wenye masilanga, nawaongelesha na nyinyi bila hasira. Wengi wenu mlijenga kwa nia nzuri na jasho lenu. Toeni magunia kwenye spilwei wiki hii. Kateni miti ile midogo ya ukutani kabla haijawa mikubwa, ile mikubwa ulizeni injinia kwanza msing'oe tu. Jaribuni vali, mkiona haizunguki tuambieni, kuna vijana hapa wanaweza kuishughulikia. Zuieni ng'ombe kupita juu, hata wa kwetu, tutaelewana. Sisi upande wetu tumeshakubaliana kwa mkutano kwamba tutatoa nguvu ya kufyeka na kufungua njia ya spilwei kabla ya Machi, na yule kijana mwenye mahindi ndani ya kibonde amekubali kuhamisha msimu ujao kama atasaidiwa mbegu.

Kinachobaki ni nyinyi wakubwa. Tumeni injinia mmoja mwenye kipima mita na ruhusa ya kuandika anachokiona, afike kabla ya mwisho wa Februari. Tutampeleka kwa kila silanga la hii wadi, yale yenye mwenyewe na yale yasiyo na mwenyewe, na chakula cha mchana kiko kwetu.

Mkulima na mzazi, anayeishi chini ya silanga,
Kaunti ya Nakuru